Mahojiano ya Kuingia Chuo cha Udaktari: Mwongozo kwa Waombaji wa Uganda

Kila mwaka matokeo ya UACE, mtihani wa kumaliza kidato cha sita, yanapotangazwa, simu yangu hujaa maswali yale yale: wataniuliza nini, nivae nini, nijibu vipi wakitaka kujua kwa nini ninataka kuwa daktari, na je, ni kweli kwamba bila mtu wa ndani hupati nafasi? Nimeyajibu kwa simu, kwa ujumbe mfupi na chini ya mwembe wa nyumbani Arua, mpaka nikaona heri niyaandike mara moja. Swali la mtu wa ndani nalijibu hapa hapa ili tuliweke kando: anayekuomba pesa ili akuingize chuoni ni tapeli, na ukimpa utakuwa umeanza safari ya udaktari kwa kuhonga.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba utahojiwa kweli. Vyuo vikuu vya umma, kama vile Makerere, Mbarara na Gulu, huwachagua wengi wa wanaotoka moja kwa moja kidato cha sita kwa kupima uzito wa alama zao, ambapo Biolojia na Kemia hubeba mzigo mkubwa. Mahojiano huwakuta zaidi wanaoingia kwa njia ya watu wazima, yaani wenye umri wa miaka 25 na kuendelea, baadhi ya wenye stashahada kama maafisa wa kliniki na wauguzi, waombaji wa baadhi ya vyuo binafsi, wanaotafuta ufadhili, na wanaoomba vyuo vya nje. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la chuo chako la mwaka huu, wala usitegemee alichokumbuka binamu yako aliyeingia miaka sita iliyopita.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliangushwa. Nilikuwa afisa wa kliniki mwenye miaka miwili kazini katika kituo cha afya cha ngazi ya III, na nilikuwa nimekariri kurasa mbili za jibu zuri kuhusu kuwatumikia wanadamu. Nikalitiririsha mbele ya watu wanne. Daktari mmoja, mama wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza: "Wiki iliyopita kituo chenu kiliishiwa na nini?" Jibu nilikuwa nalo. Tulikuwa tumeishiwa na glavu, na siku moja kabla ya kupanda basi nilikuwa nimemtuma mama mwenye uchungu wa kuzaa amwagize dada yake akanunue jozi mbili katika duka la ng'ambo ya barabara. Lakini akili yangu ilikuwa bado kwenye zile kurasa mbili, nikaanza kueleza changamoto za rasilimali katika nchi zinazoendelea. Mama yule akavaa miwani yake, akaandika kitu kifupi, na sikuulizwa tena swali la maana.

Jopo halikuiti ili lisikie hotuba. Alama zako wanazo tayari mezani. Wanataka kujua kama wewe ni mtu anayeona kilicho mbele yake, akakitafakari, kisha akaweza kukisema kwa maneno yake. Karibu kila hatua iliyo hapa chini imesimama juu ya jambo hilo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tenga wiki sita ukiweza. Wiki tatu ni za kukimbizana, na wiki moja haitoshi ila kwa mavazi na karatasi. Tafuta daftari jipya, mtu mmoja au wawili wa kukufanyisha mazoezi ambao hawaoni haya kukukosoa, na simu yenye uwezo wa kurekodi sauti. Karatasi zikusanye mapema: hati za matokeo ya UCE (mtihani wa kidato cha nne) na UACE, kitambulisho cha taifa, picha ndogo, barua ya mwito, na kwa wenye stashahada, orodha ya alama za chuo pamoja na leseni ya kazi kutoka baraza la taaluma yako. Weka nakala mbili za kila kitu katika bahasha moja na zile asili katika bahasha nyingine. Waombaji hudhani kwamba kukosa karatasi moja kutasamehewa kwa kuwa wametoka mbali, usijaribu.

Hatua

1. Nenda ukaone. Kama hujawahi kufanya kazi ya afya, omba ruhusa kwa msimamizi wa kituo cha afya kilicho karibu nawe ukae pale siku chache, hata kama ni kupanga foleni, kubeba maji au kuwaelekeza wagonjwa mahali pa maabara. Barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) au mkuu wa shule yako husaidia. Ukikosa kituo, fuatana na mhudumu wa afya wa kijiji anapozunguka nyumbani kwa watu. Kila jioni andika mambo matatu katika daftari: nimeona nini, nilihisi nini, na ni nini sikukielewa. Hili la tatu ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa sababu ndilo linaloonyesha akili inayofanya kazi.

Andika vitu vidogo. Usiandike "wagonjwa walikuwa wengi". Andika kwamba saa tatu asubuhi benchi lilikuwa limejaa na akina mama wamekaa sakafuni, kwamba muuguzi mmoja alikuwa akichanja, akipima uzito na kujaza rejista kwa wakati mmoja, na kwamba bibi mmoja alirudi nyumbani kabla ya kuitwa kwa sababu alikuwa na ng'ombe wa kukamua. Mwanajopo aliyefanya kazi wilayani atakutambua papo hapo kwamba ulikuwapo.

Onyo: usiandike majina ya wagonjwa, na usiyataje kamwe mbele ya jopo. Ninamfahamu mwombaji aliyesimulia kisa kizuri sana, ila akataja jina la mgonjwa, kijiji chake na ugonjwa wake, akijivunia kumbukumbu yake. Maswali yote yaliyofuata yakawa juu ya siri ya mgonjwa. Sema "mzee mmoja", "msichana wa miaka kama kumi na sita", inatosha.

2. Ujue mfumo wa afya wa nchi yako. Inashangaza jinsi watu wanavyojua sehemu za figo wasijue mgonjwa wa figo anapitia wapi mpaka kumfikia daktari. Anza chini: wahudumu wa afya wa vijiji ndio wanaohesabiwa kuwa ngazi ya I, ngazi ya II hutibu wagonjwa wa nje, ngazi ya III huongeza maabara na huduma ya uzazi, ngazi ya IV hutakiwa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji, juu yake kuna hospitali za wilaya, kisha hospitali za rufaa za mikoa, na kileleni hospitali za rufaa za taifa kama Mulago. Kumbuka pia kwamba ada za matibabu katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, halafu jiulize kwa nini mgonjwa bado anatumia pesa. Ukiweza kueleza mwenyewe tofauti kati ya huduma ya bure na huduma isiyomgharimu mtu, yaani nauli ya bodaboda, dawa zilizokwisha, glavu za dukani, utakuwa umewapita wengi.

3. Tengeneza jibu la "kwa nini udaktari?" lakini usilikariri. Chukua tukio moja kutoka katika daftari, lieleze kwa sentensi tatu au nne, useme lilikufundisha nini kuhusu kazi hii, kisha useme ni kwa nini kazi hiyo ni ya daktari hasa. Hapo ndipo wengi hunaswa, kwa maana swali linalofuata ni: "Muuguzi naye huwasaidia watu, mbona usiwe muuguzi?" Usidharau uuguzi hata kwa kudokeza. Joponi huenda kuna muuguzi, na hata asipokuwapo, daktari anayewadharau wauguzi huumiza wagonjwa. Sema unavutiwa na jukumu lipi: kutafuta chanzo cha ugonjwa, kuamua matibabu, kubeba lawama uamuzi unapokuwa na kasoro.

Sababu tatu zimechakaa: "tangu utotoni niliota", "wazazi wangu walitaka", na "nampenda Ben Carson", yule daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo wa Marekani. Pia kuna wanaomtaja Daktari Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor. Hakuna ubaya kumtaja, lakini basi umjue. Alikuwa msimamizi wa hospitali ile Ebola ilipoikumba Gulu mwaka 2000, akafa kwa ugonjwa huo Desemba mwaka huo baada ya kuwaongoza wenzake kuwahudumia wagonjwa. Ukimtaja, tegemea kuulizwa: "Wewe ungebaki wodini?" Fikiria jibu la kweli usiku wa leo, hata kama jibu hilo lina woga ndani yake. Woga unaoambatana na maelezo ya namna ya kujikinga unaaminika kuliko ushujaa wa mdomoni.

4. Fanya mazoezi ya visa vya maadili. Hii ndiyo hatua inayotaka muda mrefu zaidi. Utapewa kisa kisicho na jibu jepesi, nao wataangalia njia unayopita. Nitachukua kimoja ambacho kila Mganda anakielewa. Umeingia duka la dawa la mtaani, ukaona boksi la dawa lenye alama ya serikali inayosema kwamba haziuzwi, na mwenye duka ni muuguzi wa kituo chenu. Utafanya nini?

Mwombaji asiyejiandaa hujibu mara moja: "Nitampeleka polisi." Mwingine hujibu: "Nitanyamaza, ni mwenzangu." Wote wawili wamekimbilia mwisho. Anza kwa kutaja wanaoguswa: wagonjwa wanaoambiwa kituoni kwamba dawa zimekwisha, muuguzi mwenyewe, wenzake watakaoshukiwa, na wewe. Kisha sema usichokijua bado: je, dawa zile zimetoka kituoni kwenu au kwingine? Je, nani anatunza stoo? Halafu eleza hatua ya kwanza iliyo ndani ya uwezo wako, yaani kumjulisha msimamizi wa kituo kwa siri ili daftari la stoo likaguliwe, na hatua ya pili kama msimamizi hakufanya lolote au yeye mwenyewe anahusika, yaani afisa wa afya wa wilaya. Malizia kwa kusema ni jambo gani linakufanya usite. Wanajopo watakubana: "Na kama huyo muuguzi hajalipwa mshahara miezi minne?" Hapo usibadilishe msimamo wote ghafla kama kinyonga. Kubali kwamba hilo linaeleza kitendo chake na ni dhuluma inayostahili kushughulikiwa, lakini mtoto mwenye malaria hakula mshahara wa muuguzi.

Tumia njia hiyo hiyo kwa visa vingine: mtungi mmoja wa oksijeni na wagonjwa wawili, mzazi anayekataa mtoto wake aongezwe damu kwa sababu ya imani, mume anayetaka kuambiwa majibu ya kipimo cha Virusi vya UKIMWI cha mkewe, mwanafunzi mwenzako anayekuja wodini akinuka pombe. Ukifanya visa kumi na viwili kwa sauti, cha kumi na tatu hakitakutisha.

5. Fuatilia habari za afya, chache kwa kina. Chagua mambo matatu au manne uyajue vizuri. Mfano mmoja ni Ebola ya aina ya Sudan: mlipuko wa Mubende ulitangazwa tarehe 20 Septemba 2022 na ukatangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, kisha virusi vya aina hiyo vikarudi Kampala Januari 2025. Jambo la kulielewa hapo ni kwamba chanjo ya Ebola iliyokuwa imeidhinishwa ilitengenezwa kwa virusi vya aina ya Zaire, ndiyo maana chanjo dhidi ya aina ya Sudan ilikuwa bado ya majaribio. Mfano wa pili ni chanjo ya malaria, ambayo Uganda iliianzisha Aprili 2025 kwa watoto wadogo. Mfano wa tatu ni vifo vya akina mama wajawazito: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikadiria vifo 336 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 189. Usiishie kuitaja namba. Jiandae kusema ni nini huenda kimeishusha na ni nini bado kinaua, kama vile kuvuja damu baada ya kujifungua huku gari la wagonjwa halina mafuta.

6. Jizoeze kwa sauti, na kwa lugha mbili. Mahojiano yatafanyika kwa Kiingereza, kwa hiyo mazoezi makuu yawe kwa Kiingereza. Rekodi jibu, lisikilize, hesabu ni mara ngapi umejaza nafasi kwa "eeh" na "kama vile", kisha lirudie bila kulisoma. Jibu la dakika mbili linatosha kwa maswali mengi. Lakini pia chukua ugonjwa mmoja, tuseme kisukari au selimundu, umweleze shangazi yako kwa Kiswahili, Kiganda, Kilugbara au lugha yoyote ya nyumbani, bila neno hata moja la kitaalamu. Kuna wanajopo wanaopenda kusema: "Nifanye mimi ni mama kutoka kijijini, unieleze." Aliyezoea Kiingereza cha vitabu tu hubaki akitafuta neno la "kinga" mpaka muda ukaisha.

7. Tambua aina ya mahojiano. Mara nyingi utakaa mbele ya jopo la watu watatu hadi watano. Vyuo vingine, hasa vya nje, hutumia mfumo wa meza nyingi, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada: unasoma kisa mlangoni kwa dakika kama mbili, unaingia na kukijadili kwa dakika chache, kengele inalia, unahamia meza nyingine kwa mtahini mwingine. Faida yake ni kwamba ukiharibu meza moja, inayofuata haijui. Iache mlangoni.

8. Siku ya safari. Fika mjini siku moja kabla. Kutoka Arua mpaka Kampala ni karibu kilomita 500, na anayeshuka kwenye basi la usiku alfajiri akaenda moja kwa moja mbele ya jopo huonekana hivyo. Nenda ukalione jengo jioni ile. Vaa nguo safi, iliyopigwa pasi, ya heshima, ambayo umewahi kukaa nayo saa tatu bila kujikuna. Suti ya kuazima inayokubana mabega itakushughulisha kuliko maswali. Bodaboda za Kampala zina vumbi na tope, kwa hiyo beba kitambaa cha kufutia viatu.

9. Chumbani. Salimu, subiri kuonyeshwa kiti, mtazame anayekuuliza, na ukijibu wagawie macho wengine pia. Wengi wetu tumelelewa tusimkazie macho mkubwa. Si lazima umkodolee, lakini ukiongea na meza utaonekana unaficha kitu. Jibu la "sijui" linaruhusiwa likifuatwa na namna ambavyo ungetafuta. Ukiulizwa kama una swali, uliza moja la kweli, kwa mfano wanafunzi huanza mwaka gani kwenda wodini. Usiulize ada kwa wakati huo. Hizo zimo katika tangazo.

Mambo yakienda mrama

Umesahau kila kitu. Omba sekunde chache kwa kusema wazi kwamba unafikiri. Kimya cha sekunde kumi kwako ni mwaka, kwao ni kupumua.

Hukuelewa swali. Lirudie kwa maneno yako uulize kama ndivyo. Kubahatisha ni kosa kubwa kuliko kuuliza.

Mwanajopo ni mkali, anakukata kauli. Usishindane wala usikunjike. Mara nyingi amepewa kazi hiyo makusudi. Maliza sentensi yako kwa utulivu kisha msikilize.

Wanauliza kuhusu alama mbaya ya Fizikia. Sema ukweli kwa ufupi, bila kumlaumu mwalimu, na useme ulibadilisha nini katika usomaji wako. Kama kulikuwa na msiba au ugonjwa, utaje mara moja bila kuulilia.

Wanauliza utalipaje ada. Katika chuo binafsi ada ya udaktari ni mamilioni ya shilingi kwa muhula, na kozi ni miaka mitano kabla ya mwaka wa mafunzo ya vitendo hospitalini. "Mungu atatenda" si mpango. Taja nani atalipa, kiasi gani kimeshawekwa, na kama umeuliza kuhusu mkopo wa serikali wa wanafunzi wa elimu ya juu.

Mahojiano ni ya mtandaoni na umeme umekatika. Chaji simu na kompyuta usiku, nunua bando kwenye mitandao miwili, uwe na namba ya ofisi ya udahili umeiandika kwenye karatasi. Laini ikikatika, piga mara moja, usingoje wakutafute.

Umekataliwa. Andika kwa adabu kuuliza upungufu ulikuwa wapi, wengine hujibu. Kama una njia nyingine ya kungoja, kama vile stashahada ya kliniki au uuguzi, si kupoteza wakati, kwa maana ndiyo iliyonipa zile glavu za kuzisimulia mwaka uliofuata, nilipoulizwa tena swali la namna ile. Lakini kabla ya hayo yote, andika maswali yote waliyokuuliza pamoja na majibu yako jinsi yalivyotoka, ukiwa bado kwenye basi la kurudi. Ukingoja mpaka uvuke daraja la Karuma, lile la Mto Nile kwenye njia ya kurudi Arua, nusu yake itakuwa imeshakutoka.